Punda Waliotoka Gazetini

Andazi la kwanza Hatibu alilila bila kufikiri. La pili alilishika mkononi, akaacha kutafuna. Si kwamba lilikuwa na sukari. Mwaka ule sukari Katesh ilikuwa mgeni ambaye kila siku husemwa yuko njiani. Kilichomsimamisha taya ni gazeti lililofungia lile andazi. Mafuta yalikuwa yamelilowesha mpaka likang'aa, na katikati ya mng'ao huo herufi kubwa nyeusi zilimtazama usoni: PUNDA KUCHUKUA NAFASI YA MATREKTA MASHAMBA YA NGANO.

"Mwamvita!" aliita. "Hili gazeti la lini?"

"La kufungia," Mwamvita alijibu kutoka jikoni. "Unataka na la kufungulia?"

Hatibu alikuwa amekwisha kuwaona punda. Aliwaona wamepanga mstari, na nyuma yao akajiona yeye mwenyewe, amevaa viatu vipya.

Tumweleze Hatibu kwa heshima anayostahili, na kwa kuwa heshima hiyo ni ndogo, maelezo yatakuwa mafupi. Alizaliwa Kondoa. Alifika Katesh akiwa utingo wa lori, na lori likaondoka bila yeye; dereva alieleza sababu moja, Hatibu akaeleza nyingine, na ya Hatibu ilikuwa tamu zaidi. Alikuwa na shati moja jeupe lililopigwa pasi kila asubuhi. Kwenye mashamba ya ngano hakuwahi kufanya kazi hata siku moja, lakini alizungumza habari za matrekta kama mtu aliyeyazaa.

Riziki yake ilitoka katika magunia ya magazeti makuukuu ambayo Bi Mwantumu, mama yake Mwamvita, aliyanunua kutoka Arusha kwa ajili ya kufungia maandazi ya mgahawa wake. Gazeti jipya likifika Katesh liliishia maofisini, na watu wa sokoni walibaki na njaa ya habari. Hatibu aliona njaa hiyo. Alichagua kurasa zisizo na madoa, akazinyoosha kwa pasi ya mkaa pamoja na shati lake, akachana pembe ya juu yenye tarehe, kisha akasimama mbele ya mgahawa na kuimba:

Habari mpya njooni, njooni kuzitazama,
Zimetoka mitamboni, bado joto zinahema,
Asokuwa na miwani, nitamsomea jema,
Kikombe hapa mezani, ndio ada ya kusoma!

Watu walikuja. Vikombe vya chai vilikuja. Na madhara yakaja nyuma yake taratibu.

Aliposoma SABUNI KUPATIKANA TELE MWEZI UJAO, akina mama wa mtaa wa sokoni waliweka nguo chafu kando, wakangoja. Mwezi ujao ulipofika ukageuka kuwa mwezi huu, na mwezi ujao ukawa bado uko mbele. Msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili hewa ilikuwa nzito sawasawa, ikawa hakuna dini iliyoweza kuicheka nyingine. Aliposoma NDEGE WAHARIBIFU WAPEWA ONYO KALI, mkulima mmoja wa Nambis aliyekuja kuuza vitunguu saumu alirudi nyumbani akawaachisha watoto wake kazi ya kuwinga ndege. Wiki iliyofuata alirejea amenuna.

"Ndege wamekuja wengi kuliko mwaka jana!"

"Hao," Hatibu alimweleza kwa upole, "ni wale ambao hawakuhudhuria mkutano."

Mkulima alifikiri, akaona inawezekana, akamnunulia chai.

Chai peke yake, hata hivyo, haioi mke. Na Hatibu alimtaka Mwamvita kwa namna iliyomfanya akose maneno, ugonjwa ambao hakuwahi kuugua kabla. Alipomkabili Bi Mwantumu, yule mama hakuacha hata kukoroga uji.

"Nina binti mmoja, Hatibu. Simpi mtu ambaye mali yake yote iko mdomoni. Siku ukiugua koo, mwanangu atakula nini?"

"Mama, mimi nina mipango."

"Mipango haikamuliwi. Niletee mali inayopumua. Maksai wawili, niwaone kwa macho yangu hapa mlangoni. Tena ufanye haraka. Hamis mwenye duka la vitenge ameomba kuja siku ya mnada baada ya swala ya adhuhuri, na nimemwambia karibu."

Hamis! Mtu ambaye akicheka huweka kwanza mkono mfukoni kuhakikisha kicheko hakijamgharimu kitu! Hatibu hakulala vizuri tangu siku ile. Ndiyo sababu lile andazi la pili lilimkuta akiwa tayari kwa lolote.

Habari yenyewe, pale ambapo mafuta hayakuila, ilisema kuwa wataalamu wameshauri mashamba makubwa yatumie punda kwa sababu ya uhaba wa dizeli, na kwamba mwenye punda kumi kwa pamoja atapewa kipaumbele. Ilikuwa habari ya zamani, na kama habari nyingi za namna ile, ilizaliwa ikafa siku hiyo hiyo. Lakini mwaka ule ilikuwa na sura ya ukweli kuliko siku iliyochapwa. Ngano ilikuwa imeiva mpaka upeo wa macho, na mashine za kuvunia zilisimama katikati yake bila dizeli, kama tembo waliosahau walikokuwa wakienda.

Hatibu alichana tarehe, akakunja gazeti, akashika njia ya Balangdalalu.

Mtu wa kwanza aliyemkuta ni mama mmoja aitwaye Efrazia, akishusha madumu ya maji kutoka mgongoni mwa punda wake mbele ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umevaa kama unakwenda kubatizwa?"

"Mama, nimekuja kwa uchungu." Akakunjua gazeti, akasoma kichwa cha habari kwa sauti ya msibani. "Umesikia? Punda wote. Wanakuja na malori kuwasomba, wakavute majembe ya serikali."

Kwa watu ambao miaka michache nyuma waliwahi kusombwa na malori kupelekwa vijiji vipya, wao na kuku wao na milango ya nyumba zao, habari hiyo haikuhitaji kurefushwa. Majirani walikusanyika. Mzee mmoja, Gervasi, aliuliza:

"Na punda akichoka huko, anarudishwa?"

"Mzee wangu, wewe umewahi kuona kitu cha shamba la serikali kikirudishwa?"

Wakaguna wote pamoja.

"Lakini mimi nina sehemu yenye majani, upande wa Gitting," Hatibu aliendelea, macho yakiwa yamelowa kidogo. "Naweza kukaa nao mpaka malori yapite. Sitaki malipo. Nimelelewa na punda, mama. Nawaonea huruma."

Alikuwa ameandaa hotuba nyingine mbili, kwa ajili ya wale watakaobisha. Hakuna aliyebisha. Efrazia aliwatazama majirani, akasema, "Basi mchukue. Ninyi wote mmeona, anamchukua akakae naye. Hapendi kupigwa masikioni. Akizaa, mtoto ni wangu."

"Kabisa, mama."

"Na akifa, niletee ngozi."

"Hafi, mama!"

Gervasi akatoa wawili, mwingine akatoa mmoja, na mwingine. Kila mara waliitana waje waone, na Hatibu alidhani wanakuja kumtazama yeye na shati lake. Hata karatasi hawakuomba. Jua lilipoanza kushuka alikuwa barabarani na punda tisa, akijichekea kwa furaha na kuwaonea watu wale haya kwa niaba yao. Watu gani hawa? Ukiwaomba nyumba, watakuuliza kama unataka na mlango!

Aliyemlenga Gitting ni Mzee Margwe. Kote Katesh Margwe alisifika kwa mambo mawili: boma lake lilikuwa na ng'ombe wengi kuliko jingine lolote kwenye mteremko ule wa Mlima Hanang, na yeye hakuchoka kulalamika kuwa ni wachache. Kwa Hatibu sifa hizo mbili zikikaa katika mtu mmoja ni sawa na mlango ulioachwa wazi.

Jambo dogo lilitokea walipokaribia. Punda wa Efrazia, aliyekuwa akiburura miguu njia nzima, aliinua kichwa, akatoka mbio, akaingia ndani ya boma la Margwe bila kukaribishwa na kwenda moja kwa moja kwenye jiwe linalowekwa chumvi ya mifugo. Akaanza kulamba.

Margwe alitoka nje amevaa koti kubwa la baridi. Alimtazama punda. Akalitazama sikio la punda, lenye alama ya mwenyewe. Akamtazama Hatibu.

"Shikamoo mzee," alisema Hatibu.

"Marahaba. Huyu punda wako anaijua njia."

"Mzee, punda mwenye bahati huinusa bahati ilipo."

"Kumbe! Basi karibu ndani, na wewe ukanuse."

Sebule ya Margwe ilikuwa na kigiza kizuri, na kuta zake zilibandikwa magazeti kutoka chini mpaka darini kuzuia vumbi na upepo. Hatibu aliketi ameupa ukuta mgongo, akakunjua ukurasa wake na kuusoma kwa sauti ya redio. Margwe alisikiliza kwa makini, ila macho yake hayakutulia kwenye gazeti. Yalipanda juu ya kichwa cha Hatibu, yakakaa pale ukutani, yakashuka.

"Kwa hiyo shamba litawanunua," alisema.

"Litawapigania, mzee! Ngano imeiva, dizeli hakuna. Mwenye kumi anapewa kipaumbele. Mimi ninao tisa. Nimekwama kwa mmoja tu."

"Mimi ninaye mmoja."

"Unaona Mungu anavyopanga!"

"Naona. Sasa mbona usimkodi huyo mmoja kwangu, ukaenda wewe ukatajirika?"

Hatibu aliweka mkono kifuani. "Mzee, mimi sina tamaa. Nikipata ng'ombe sita nikaoe, nimeridhika. Utajiri wenyewe nawaachia wazee."

Margwe alijifunga vizuri koti lake. "Kijana, katika maisha yangu sijaona mtu mkarimu kama wewe akitembea kwa miguu."

"Ndivyo tulivyoumbwa, mzee."

"Kiiraqw unakijua? Mambo ya mifugo sisi hatuyasemi kwa Kiswahili. Wazee hawasikii raha."

Hatibu alijua kusalimia, kuomba maji na kuuliza bei. "Kiiraqw?" alisema. "Mimi hata ndoto naota kwa Kiiraqw!"

Asubuhi waliitwa mashahidi wawili, Mzee Tluway na Mzee Sulle. Pombe ikaletwa, Hatibu akaomba radhi kwa ajili ya dini yake, akapewa maziwa kwenye kibuyu. Kisha Margwe akawatoa ng'ombe sita, majike manne na maksai wawili, wanene, ngozi zinang'aa. Alimwekea kila mmoja mkono mgongoni na kusema maneno marefu kwa Kiiraqw. Kila alipomaliza alimgeukia Hatibu, na wazee wakamgeukia Hatibu, na Hatibu, aliyekuwa akiwahesabia tu pembe, akaitikia kwa uzito:

"Ndiyo, mzee."

Mara sita. Mara ya sita Mzee Sulle alijifunika uso kwa blanketi, mabega yakimtikisika. Hatibu alifikiri ni simanzi ya kuagana na ng'ombe wazuri vile, akampenda. Mzee Tluway akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili, na shughuli ikaisha.

Njia nzima ya kurudi Katesh, ambayo alilala usiku mmoja katikati yake ili ng'ombe wale majani, Hatibu alitembea mbele ya mifugo yake kama bwana harusi. Alikwisha kugawa mali: maksai wawili kwa Bi Mwantumu, majike manne mnadani, kisha yeye na Mwamvita Singida, wakafungue mgahawa wao ambao watu watasomewa habari za kweli, mara chache chache.

Aliingia mjini siku ya mnada, jua likiwa limekwisha kupita utosini. Hamis alikuwa amekwisha kufika mgahawani, kanzu mpya, kofia mpya, ameketi kwenye kiti kizuri. Hatibu aliwapitisha ng'ombe mpaka mlangoni kabisa, wateja wakabeba vikombe vyao kukimbia mikia.

"Bi Mwantumu! Shikamoo! Ulisema mali inayopumua. Toka uisikilize inavyopumua!"

Bi Mwantumu alitoka na mwiko mkononi. Nyuma yake akaja Mwamvita, na kwa mara ya kwanza Hatibu aliona katika macho yake kitu ambacho si mzaha.

"Hawa maksai wawili ni wako," alisema. "Ndiyo mahari."

Bi Mwantumu alimzunguka maksai wa kwanza. Akainama, akatazama chini ya shingo. Akasimama wima.

"Ni wangu," alisema.

"Ndiyo mama, ni wako."

"Hunisikii. Nakwambia ni wangu. Kovu hili la shingoni nililipaka dawa kwa mkono wangu." Akapiga ulimi mdomoni mara mbili, na yule maksai akaitika kwa koo, akasogea na kumwekea pua kwenye khanga. "Umeona? Nilimpeleka kwa Mzee Margwe akiwa ndama. Hapa mjini ningemlisha nini, maandazi?"

Hamis alisimama kutoka kwenye kiti kizuri. Akaja taratibu, mkono mfukoni.

"Na jike hili lenye paji jeupe ni langu," alisema.

"Yule mwekundu ni wa fundi baiskeli!" alipaza sauti mtu kutoka kundini. "Nenda kamwite!"

Watu wakaanza kumiminika kutoka mnadani, na katikati yao mgambo wawili waliokuwa wakilinda mifugo. Sasa ndipo Hatibu alipojifunza, akiwa amesimama juani, jambo ambalo kila mtoto wa Hanang na Mbulu hulijua kabla ya kuota meno ya pili: ng'ombe unaowaona kwa mtu si lazima wawe wake. Watu wa huko hupeana mifugo kutunza, mbele ya mashahidi, tangu enzi za babu zao. Anayetunza hunywa maziwa na kuchukua samadi. Ndama na ngozi ni za mwenye mali. Margwe alilalamika kuwa ng'ombe wake ni wachache kwa sababu kweli walikuwa wachache. Wengi katika boma lile walikuwa wa watu. Na kule Balangdalalu hakuna aliyelaghaiwa. Walimpa punda wakae kwake kama wanavyopeana siku zote, wakaita majirani washuhudie, na kumtajia masharti yote kwa Kiswahili fasaha, naye akaitikia kabisa, mama.

"Mzee Margwe alituma neno jana na dereva wa lori," alisema Bi Mwantumu. "Amesema umri umemshinda, amepata mchungaji. Kijana wa mjini, mpole, hana tamaa. Mbele ya wazee amekubali kila sharti, ng'ombe kwa ng'ombe. Nami nikajiuliza, kijana wa mjini gani huyo?"

"Na punda?" Hatibu aliuliza kwa sauti nyembamba. "Punda wangu?"

"Wa dada yake Margwe, yule Efrazia? Amekwenda kumchukua jana hiyo hiyo, na wengine wamechukua wa kwao. Hiyo habari yako ya punda, Margwe ameibandika ukutani sebuleni kwake tangu walipohamia nyumba ile. Mkwewe huisoma kila akifagia."

Kicheko kilianzia kwa fundi baiskeli kikaenea mpaka kwa wauza mbuzi. Hatibu alisubiri kipungue ili aseme neno. Maneno yalikuwa yakija, hayajawahi kumwangusha. Lakini mgambo mmoja alimshika bega.

"Ngoja kwanza. Umesema hawa unawatoa mahari. Ng'ombe wa watu? Huo si wizi wa mifugo?"

Kicheko kikakatika. Wizi wa mifugo, siku ya mnada, mbele ya wenye mifugo na fimbo zao mkononi, si jambo la kusimuliwa na mhusika baadaye. Hatibu alimtazama Hamis, aliyekuwa akitabasamu bure bila kuhofia gharama. Akamtazama Bi Mwantumu. Mwisho akamtazama Mwamvita, naye Mwamvita akashuka ngazi, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kumnusisha harufu ya iliki.

"Hatibu," alisema, "jibu neno moja tu. Usiniimbie. Hawa ng'ombe umewaiba, au unawachunga?"

Mji mzima ulisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Kondoa, Hatibu alitafuta neno la tatu, akalikosa.

"Ninawachunga," alisema.

"Umesikia, mgambo," alisema Mwamvita. "Mwachie mchungaji wetu."

Mgambo akamwachia. Hamis akarudi kwenye kiti kizuri, akakuta kimekaliwa na fundi baiskeli.

"Haya," alisema Bi Mwantumu, akimfuta maksai wake vumbi kwa pindo la khanga. "Mtunzaji mzuri, baada ya miaka, mwenye mali humpa mtamba wa shukrani. Margwe alipata ng'ombe wake wa kwanza hivyo. Siku ukinijia na mtamba niliyekupa mimi mwenyewe, tutazungumza habari za Mwamvita."

"Baada ya miaka mingapi, mama?"

"Inategemea unavyochunga. Na wewe Hamis, usinichekee hapo, ng'ombe wako naye hulamba chumvi; utampa mchungaji chumvi ya kupeleka."

Hamis akaingiza mkono mfukoni, akaenda kununua chumvi. Mwamvita aliingia ndani akatoka na maandazi, moto bado, akamtilia Hatibu mikononi yakiwa matupu, bila karatasi.

"Gitting ni mbali?" aliuliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya.

"Si mbali sana," alijibu Hatibu, vidole vikimuungua.

"Haya nenda. Jua linashuka, na ng'ombe wa mama hawajanywa maji."

Akainua fimbo. Majike yakageuka kwa adabu, na maksai mmoja pia. Lakini yule mwenye kovu alikuwa amefika kwao. Aligoma kuuacha mlango wa mgahawa. Hatibu alimsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kirangi cha kwao Kondoa, akamwambia maneno matatu ya Kiiraqw aliyokuwa nayo. Mwisho akayauma maandazi kwa meno, akaegemeza bega la shati jeupe kwenye matako ya mali ya mama mkwe, mbele ya Katesh yote, akaanza kusukuma.